Kwa Nini Fundi Huchora Paa Juu ya Mbao Kabla ya Kuzitia Gundi

Enzi hizo mbao zilikuwa zinasema. Mti wenyewe ulikaa kimya, una majani ya kupeperusha na ndege wa kuwasikiliza, lakini ulipoangushwa na kupasuliwa, kila ubao ulizaliwa na mdomo wake, na ukishaanza kusema haukujua kuacha. Karakana ya fundi ilikuwa na kelele kuliko kilabu cha pombe siku ya mnada.

Ufundi siku hizo ulikuwa raha tupu. Fundi alipasua mti, akazipiga mbao randa, akachemsha gundi ya ngozi, akaipaka kwenye kingo, kisha akatamka neno moja tu: "Jipangeni." Baada ya hapo alikwenda kulala. Mbao zilijipanga zenyewe. Kila ubao ulimjua jirani yake wa mtini, yule aliyesimama naye ubavu kwa ubavu tangu mti ukiwa mche wa kukanyagwa na mbuzi. Walitafutana, wakaitana, wakasogeleana mpaka nyuzi za huyu zikaendelea ndani ya huyu, na fundi akiamka, akipiga miayo, anakuta mlango. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa na vitambi. Wa sasa mnawaona wenyewe walivyokonda, na sababu yake naifikia.

Katika mji wa Tondwe kulikuwa na desturi moja. Mwanamume akitaka kuoa hakuanza na mbuzi wala majembe. Alianza na mlango. Mlango ulitiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, na bibi wa binti akaingia humo adhuhuri, jua likiwa limekaa juu ya utosi, akafunga, akakalia kigoda gizani. Akiona mwanga wa kupitisha hata uzi wa buibui, posa imekufa. Asipoona kitu, anatoka na kigelegele. Hakuna rufaa. Bibi ndiye hakimu, ndiye shahidi, ndiye askari wa kukusindikiza nje. Walisema mwanamume asiyeweza kulizuia jua hataweza kuyazuia maneno ya majirani.

Sasa, mji wenye desturi kama hiyo ulihitaji mbao zenye adabu, na kwa muda mrefu zilikuwa nazo. Mambo yaliharibika polepole, kama yanavyoharibika mambo yote, kwa fadhila moja ndogo. Siku moja ubao fulani uliwaomba wenzake wampatie mpwa wake nafasi, eti kijana yupo nyumbani tu, anasumbua watu. Wakasogea kidogo. Fundi alikuwa amelala. Mlango ukatoka na mwanya mwembamba chini, bibi wa siku hiyo alikuwa na mtoto wa jicho, harusi ikapita. Kesho yake kila ubao ulikumbuka kwamba nao una mpwa.

Hali ilikuwa hiyo alipotokea Fundi Chande, kijana wa mikono mizuri na usingizi mzuri zaidi, akampenda Sikudhani. Sikudhani alikuwa mshona vibuyu. Kibuyu kikipasuka kwenu, mlimpelekea yeye, akakirudisha kikiwa na kovu la ukili kama mtu aliyetoka vitani, kikashika maziwa bila kuvuja tone. Alimpenda Chande pia, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote, kwa kuwa bibi yake alikuwa Bi Mwanakheri.

Bi Mwanakheri alikuwa amezirudisha posa nyingi kiasi kwamba vijana wa Tondwe walianza kuoa mbali. Watu walimsubiri azeeke macho. Lakini macho yake yalikazana kadiri meno yake yalivyomtoka, na wakati huo alikuwa anaweza kumwona chawa ndani ya bakuli la ufuta.

Halafu kulikuwa na Mjomba Kitwana, kaka yake mama Sikudhani, aliyekuwa na mtu wake: Mwalami, mfuga bata. Mwalami hakuwahi kushika msumeno maisha yake yote. Mlango aliokuwa nao ulikuwa wa babu yake, uliopimwa gizani zamani hizo, ukaenda kwa baba yake, ukamkuta yeye amekaa. Kuna watu wa hivyo. Wanakaa tu, na milango inawajia.

Chande aliangusha mvule mkubwa na kuupasua. Katikati ya mti alitoka Kiini, ubao mzito, mwekundu, mwenye kujisikia. Jirani yake alitoka Ubavu. Chande alimkausha huyu kuliko wote, akimgeuzageuza kivulini msimu baada ya msimu, akampiga randa pande zote mpaka ukimlaza juu ya jiwe la kusagia haipiti hata pumzi kati yao. Walikuwapo na wengine wa kawaida, wale wanaoitikia kila kinachosemwa. Na nje kabisa, chini ya ganda, alitoka Gome: mweupe, laini, amepinda kama ungo, funza wamekwisha kumsalimia. Mahali pa Gome palikuwa jikoni, chini ya chungu. Lakini Gome alikuwa mpwa wa Kiini, na hiyo ndiyo ilikuwa CV yake yote.

Chande alipaka gundi, akasema, "Jipangeni," akalala. Alipoamka alikuta kitu chenye umbo la mlango. Hakukikagua, kwa sababu hakuna fundi aliyewahi kukagua. Alimwona Ubavu tu, ameegemea ukuta peke yake.

"Wewe mbona uko huku?"

"Nangoja kuitwa, Fundi."

Chande akadhani mbao zina utaratibu wao. Akaubeba mlango begani, akaenda kuposa.

Watu walijaa uani kwa Bi Mwanakheri. Bibi akaingia, akafunga. Haukupita muda akaita kutoka ndani, kwa ile sauti ya upole inayowatia watu baridi.

"Chande."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Jogoo huyu wa nani?"

"Jogoo yupi, Bi?"

"Huyo mwekundu aliyesimama nyuma yako. Ananitazama. Mkiani amepungukiwa na unyoya."

Watu wote wakageuka. Jogoo alikuwapo, mwekundu, na mkia wake ulikuwa kama alivyosema. Hakuna aliyecheka, maana Bi Mwanakheri alikuwa bado anaona.

Akatoka, akajikung'uta kanga. "Mjukuu wangu hataishi ndani ya kifumbu cha kukamulia tui," alisema. "Nakupa mpaka mwezi uandame, kwa sababu mama yako alinizikia mume wangu vizuri. Uniletee mlango. Ukiniletea kifumbu tena, Sikudhani anakwenda kwa Mwalami, na wewe utakuja kula pilau kama wageni wengine."

"Mlango wa Mwalami una historia," akasema Mjomba Kitwana.

"Una na mchwa, mjomba," akasema Sikudhani.

"Mchwa nao ni historia."

Jioni ile ile Sikudhani alifika karakana, amebeba kapu lake la kazi. Hakumpa pole Chande. Alimuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza fundi. "Mlango ulipokuwa unajipanga, wewe ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Umelala."

"Ndivyo ilivyo, Sikudhani. Baba yangu alilala. Babu yangu alilala hadi akasifiwa."

"Basi safari hii utajifanya umelala," akasema. "Mimi nitakaa nyuma ya rundo la maranda."

Wakaubandua mlango kwa maji ya moto, wakazikausha mbao, na asubuhi Chande akapaka gundi upya. Akasema, "Jipangeni," akajilaza, akakoroma kwa bidii hata akakosa pumzi.

Kiini akakohoa. Yeye hakuwa na cha kukohoa, ni ubao, lakini mkubwa lazima akohoe kabla ya kusema.

"Wajumbe, ajenda ni ileile. Nafasi iliyo karibu yangu anakaa Gome."

"Naam," wakasema mbao za kawaida.

"Shikamoo, Mjomba," akasema Ubavu kutoka ukutani.

"Marahaba. Tena wewe."

"Mjomba, jirani yako mtini nilikuwa mimi. Nyuzi zangu zinaendelea kwako. Nimekauka, nimenyooka, nimepigwa randa pande zote. Gome amepinda. Mkikaa naye kutakuwa na mwanya."

"Huko kupinda ndiko kunaitwa experience," akasema Kiini. "Wewe umenyooka tu. Umepitia nini?"

"Nitapitia wapi, nami nimeegeshwa ukutani tangu nilipokauka?"

"Unaona? Hana uzoefu, na bado anajibu wakubwa."

"Naam," wakasema wale wa kawaida.

"Nawashukuru kwa imani yenu," akadakia Gome. "Kazi yenyewe siijui, ila nitaiweza."

Ubavu akafungua mdomo tena. Kiini akamtazama, akasema, "We will get back to you," kwa lugha ambayo hakuna ubao mwingine pale ulioijua, ili wote wafahamu kwamba mjadala umefungwa.

Basi wakasogeleana, Gome akabanwa katikati akiwa na nundu yake. Na hapo likaja la pili. Gundi mbichi huteleza, na Kiini, akishateleza, hakuteleza kushuka. Alipanda kidogo ili kichwa chake kiwazidi wenzake. Aliyefuata akaona, naye akapanda. Wa tatu akasema kama wao wamepanda, yeye ni nani abaki chini? Mpaka wanamaliza, kichwa cha mlango kilikuwa kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Chande akaruka, tezo mkononi. "Nimewasikia."

"Umesikia nini, Fundi?" akauliza Kiini bila kutetereka. "Tumekaa kama tulivyokaa mtini."

"Kama mtini," wakasema wale wa kawaida.

Chande akageuka kwa Ubavu, Ubavu akasema si kweli, lakini alikuwa mmoja na wao walikuwa wengi. Chande mwenyewe hakuweza kuamua. Mti haukuwapo tena, ulikuwa ndio wao. Aliupasua kwa mikono yake, akaziacha mbao zijichanganye sakafuni, na sasa hakukumbuka nani alitoka wapi, maana ukoo wote wa mafundi haukuwahi kuhitaji kukumbuka. Akaweka tezo chini, akakaa juu ya gogo. Nje kidogo ilisikika sauti ya bata. Mwalami alikuwa anapita, kwa bahati tu, kama alivyopita kwa bahati jana yake.

"Mwezi umebaki ukucha," akasema Chande. "Niende nikajifunze kula pilau."

Sikudhani alikuwa ametoka nyuma ya maranda, nywele zimemjaa vumbi la mbao. "Kibuyu kikiletwa kwangu na ufa," alisema, "huwa sikipasui papo hapo. Nachora kwanza mstari wa mkaa unaovuka ufa. Vipande vikitengana, hata vikichanganyika na vya kibuyu kingine, mstari unaniambia huyu ni mwenzake huyu. Siviulizi. Ungeuliza vipande vya kibuyu, kila kimoja kingekwambia kilikuwa shingo."

Wakaziosha tena mbao, wakazilaza. Kisha wakapiga magoti na kutazama vichwa vyao, pale ambapo msumeno umekata na pete za mti zinaonekana. Ubao unaweza kusema lolote upendalo kwa mdomo, lakini pete zake hazisemi, zimekaa tu. Wakazifuatisha pete, ikitoka ya huyu iingie kwa huyu, na mti wote ukarudi pale sakafuni, umelala chali: Kiini katikati, Ubavu ubavuni kwake, wale wa kawaida kila mmoja kwao. Pete za Gome hazikugusana na za Kiini hata moja. Alitoka mbali, kule nje kwenye mvua.

"Huu ni udhalilishaji," akasema Kiini.

Sikudhani akatoa kipande cha mkaa kapuni. "Mjomba, tunataka kuchora paa la nyumba. Mistari miwili inapanda kutoka pembeni, inakutana juu. Tulikuwa tunatafuta nani abebe kilele."



"Kilele?"

"Kilele, Mjomba. Pale paa linapoishia, juu ya wote."

"Hapo," akasema Kiini, "mmefikiri vizuri. Choreni."

Wakachora. Mstari ulianzia chini pembeni kushoto, ukapanda ukivuka kila ubao, ukafika kilele juu ya Kiini, ukashuka upande wa pili, na mmoja mrefu ukakata chini kutoka mwisho hadi mwisho. Kila ubao ukapata kipande chake cha paa, na hakuna kipande kilichofanana na kingine. Kiini alijiangalia akapendezwa. Hakuwa amewaza kwamba kilele hakihami.

Chande akaziinua, akapaka gundi, akasema, "Jipangeni." Lakini safari hii hakulala.

Kiini, kwa mazoea, akamwita Gome pembeni yake. Gome akajisokomeza. Sikudhani akaja, akatazama juu juu, akasema, "Mjomba, paa lina tundu. Mvua itaingia." Na kweli, mistari ilikuwa inapanda vizuri, inakatika ghafla penye ubao mweupe usio na alama, inaendelea ng'ambo. Mtoto asiyejua kusema angeonyesha kwa kidole. Kiini akasema labda Gome naye achorwe. Sikudhani akasema mkaa umekwisha.

Gome akatoka. Ubavu akaitwa. Aliacha alama ukutani pale alipokuwa ameegemea muda wote ule, akaja akaingia mahali pake bila neno, na nyuzi zake zikaendelea kwa Kiini hata usingeweza kusema mmoja ameishia wapi. Kiini akageuza uso.

Bado kulikuwa na kuteleza. Gundi ilikuwa mbichi, na Kiini akapanda kidogo, kidogo tu. Kilele kikapasuka. "Paa, Mjomba," akasema Sikudhani. Akashuka. Sikudhani akageuka kumwangalia Chande, ubao wa pembeni ukapanda. "Paa." Ukashuka, mwingine ukapanda. Wakawa kama watoto wanaojongea kila ukiangalia kando. Mwezi haukuwasubiri na gundi nayo ilikuwa inaanza kuganda.

Sikudhani akachovya mkono kapuni, mahali alipoweka chumvi ya kusugulia vibuyu vinavyonuka, akachota kwa vidole, akainyunyiza kwenye gundi kabla ya kuzibananisha mbao mara ya mwisho. Chembe zikasimama kati ya ukingo na ukingo kama kokoto ndani ya kiatu. Kiini akajaribu kupanda.

"Nini kinaniuma?"

"Ukitulia hakiumi," akasema Sikudhani.

Akatulia. Wote wakatulia. Na mkishaona mkubwa ametulia mahali pake, msiulize sana ni kitu gani kinamuuma.

Akabaki Gome, na Chande alikuwa amekwisha kumshika shingo akielekea naye jikoni.

"Fundi, tafadhali," akasema Gome. "Nina mjomba."

"Mjomba wako ameshikilia paa."

"Kazi yoyote, Fundi. Hata ya kujitolea."

Sikudhani akamchukua, akamgeuza huku na huku, akautazama ule mpindo wake. Akamlaza juu ya mbao zote, kwa kukingama, nundu ikiangalia chini, na kati yake na gundi akatandika jani la mgomba ili asigande. Mwingine aliyepinda kama yeye, wa ganda la upande wa pili wa mti, wakamweka chini ya mbao. Chande akafunga kamba ya katani huku mwisho na huku mwisho, akakaza, akakaza. Gome alipovutwa kunyooka, nundu yake ikakandamiza katikati, pale ambapo kamba haziwezi kufika, na mbao zote zikawa usawa mmoja kama maji kwenye sinia. Ubao ulionyooka usingeweza kazi hiyo. Ungebana pembeni na kuacha katikati kuvimba.

"Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii," akasema Gome, kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi na amegundua kwamba haiui.

"Gome, shuka mgongoni kwangu," akasema Kiini kutoka chini.

"Nipo kazini, Mjomba."

Kiini akavuta pumzi atoe hotuba. Mdomo wa ubao uko ukingoni, na Chande wakati huohuo alikuwa anagonga kabari ya mwisho ya kukaza kamba. Kingo zikabanwa, gundi yenye chumvi ikajaa midomo yote kwa pamoja, na hotuba iliyokuwa ianze na utambulisho wa wageni ikatoka kama krrr. Wale wa kawaida wakataka kusema naam, ikatoka krrr. Karakana ikawa kimya. Chande na Sikudhani wakasikia, kwa mara ya kwanza, ndege wa nje.

Mwezi ukaandama. Kesho yake adhuhuri uani kwa Bi Mwanakheri hapakuwa na pa kuweka mguu. Mwalami alikuwa amekuja na bata wawili waliofungwa miguu, na Mjomba Kitwana amevaa kanzu ya harusi. Bibi akaukagua mlango kwa nje, akapapasa mabaki ya mkaa kwa kidole, akanusa kidole, akaingia. Akaufunga.

Watu wakangoja. Bibi hakuita. Jogoo mwekundu akapita mbele ya mlango, watu wakashika vifua, akaenda zake.

"Anahesabu mianya," akasema Mjomba Kitwana.

Wakangoja. Kivuli kikaanza kutoka chini ya miguu ya watu. Chande alikuwa amelowa kama aliyetoka kisimani, na Sikudhani alikuwa amekamata pindo la kanga yake kwa meno.

"Bi Mkubwa?" akaita Chande.

Kimya.

"Bi Mwanakheri?"

Kimya. Mama mmoja akaanza kunong'ona kwamba bibi alikuwa mtu mwema sana, alikuwa na ukali lakini moyo safi. Mjomba Kitwana akavua kofia. "Posa ya muuaji haipokelewi," akasema, "hilo linajulikana."

Chande akaurukia mlango. Haukufunguka. Akavuta, Sikudhani akavuta pamoja naye, ukatoka kwa kishindo cha kizibo, na jua likamwagika ndani.

Bi Mwanakheri alikuwa juu ya kigoda, ameegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma.

Akafumbua jicho. "Nani ameleta jua?"

"Ni sisi, bibi," akasema Sikudhani. "Umeona mwanga?"

"Sasa hivi nauona, mmefungua. Kabla ya hapo sikuona hata mkono wangu. Nilidhani nimekufa, nikasema afadhali, kumbe kuko hivi, kumetulia." Akajikuna. "Tangu mume wangu aondoke sijapata usingizi wa mchana kama ule. Kitwana, rudisha kofia kichwani, bado nipo. Wewe mwenye bata, wape watu wa jikoni. Na nyinyi wawili fungeni huo mlango, mkaoane huko mbali, msinipigie ngoma dirishani."

"Chumba hakina dirisha, bibi."

"Ndiyo maana nakipenda. Fungeni."

Kigelegele chake kilitoka baada ya alasiri, alipoamka, na kilisikika ng'ambo ya mto.

Habari zikaenea kwa mafundi wote, kwanza wa Tondwe, kisha wa nchi nzima, na tangu siku hiyo hakuna fundi mwenye akili anayetia gundi kabla ya kuzilaza mbao zake kavu, kuzitazama pete, na kuchora juu yake lile paa. Siku hizi anatumia penseli, lakini ukitazama ndani ya kabati au chini ya meza utaliona. Anatupia chembe za chumvi kwenye gundi ili mbao zisitelezeane, na juu yake anafunga kamba au klempu, kile kibano cha chuma, kwenye ubao uliopinda kidogo, na mahali pa jani la mgomba kuna mfuko wa nailoni. Fundi halali tena kazini. Vitambi vikaisha.

Mbao hazisemi. Ubavu yupo, ila hamtamwona. Mkikaa ndani ya chumba chenye giza zuri, jua la mchana likiwa nje, mjue ni kazi yake. Anayesikika bado ni Kiini. Mkiufungua mlango asubuhi ukalia krrr, ni yeye anaendelea na hotuba yake, anataka kueleza kwamba kilele kilikuwa kwake. Msibishane naye. Mpakeni mafuta kwenye bawaba atanyamaza, maana wakubwa karibu wote hunyamaza hivyo hivyo.